Mistari Yangu, Mwandiko Wake

Kazi ya kupiga mistari ilikuwa yangu. Marehemu mume wangu alikuwa mwalimu wa mwaka wa pili katika shule moja ya msingi huku Dilala, Kolwezi, na kila somo lilipaswa kuandikwa kwanza kwenye karatasi kubwa, somo moja karatasi moja, kabla hajaingia nalo darasani. Karatasi hizo sisi tunaziita fishi. Juu kuna jina la somo na lengo lake. Chini kuna safu tatu: moja nyembamba ya hatua za somo, na mbili pana, ya kwanza kwa yale atakayofanya mwalimu, ya pili kwa yale watakayofanya watoto. Fishi zilizochapwa tayari zilikuwa haba, basi yeye alileta karatasi nyeupe na mimi nikapiga mistari.

Niliacha shule mwaka wa nne. Kifaransa nakisoma kwa shida, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga jiwe hadi jiwe. Lakini mstari ulionyooka hauulizi diploma. Nilikuwa na rula ya chuma ambayo baba mkwe wangu aliikata mwenyewe zamani, alipokuwa fundi katika karakana ya mgodi. Nzito, na ukiiweka juu ya karatasi haitelezi.

Saa kumi alasiri, mume wangu akisha kula na kujinyoosha kidogo, tuliketi kwenye meza moja karibu na dirisha ili tuuwahi mwanga, maana umeme wa kwetu hauna ahadi. Mimi napiga mistari ya kesho, yeye anaandika kwenye mistari niliyoipiga jana. Kabla ya kuandika alikuwa na mazoea yake: anapitisha kidole gumba juu ya mstari wa kwanza, polepole, toka kushoto mpaka kulia, kama mtu anayepangusa vumbi. Mara nyingi hapakuwa na vumbi. Kisha anafungua kalamu.

Mara nyingine wakati huohuo mgodi ulilipua miamba. Kwanza vioo vinatetema, halafu meza. Mimi niliinua rula, yeye aliinua kalamu, tukangoja mtikisiko upite, kisha tukaendelea bila neno. Alinisimulia kwamba na darasani ni hivyohivyo. Mlipuko ukija, watoto wote wanainua kalamu juu na kutulia kama watu wanaoapa, na ardhi ikinyamaza wanaishusha na kumalizia herufi waliyoianza. Hakuna aliyewafundisha. Haimo kwenye programu.

Programu ilikuwa kitabu kinene kilichopoteza jalada lake. Alikifunga kwa karatasi ya ramani kuukuu za mgodi, kwa hiyo ukikiona mezani ungedhani ni kitabu cha mashimo. Ukurasa wa kwanza ulieleza shule inataka nini kwa mtoto. Alinisomea mara nyingi, akinigeuzia kwa Kiswahili: mtoto ajue kusoma, kuandika na kuhesabu, apende nchi yake, aheshimu kazi ya mikono, awe mtu wa kufaa, kwake mwenyewe na kwa wenzake. Maneno mazuri. Shida ilikuwa kuyashusha toka ukurasa wa kwanza mpaka kwenye fishi ya Jumanne asubuhi.

Maana mkaguzi wa shule alikuwa na sheria moja asiyoichezea. Lengo la somo, alisema, lazima liwe kitu cha kuonekana kwa macho kabla kengele haijalia. Usiandike kwamba mtoto atajua. Usiandike kwamba ataelewa, na zaidi sana usiandike kwamba atapenda. Nani amewahi kuona kupenda? Andika kwamba atahesabu mpaka mia. Andika kwamba ataonyesha kwa kidole sehemu za mmea. Mwalimu aliyeandika "atapenda" alirudishiwa fishi yake na duara jekundu, na mume wangu alirudishiwa tatu mwaka wake wa kwanza.

Katika hesabu na kusoma sheria hiyo haikumsumbua. Ilimsumbua katika somo la kwanza la asubuhi, somo la maadili, ambalo ni fupi kuliko yote na yeye alilihangaikia kuliko yote. Heshima, ukweli, usafi, huruma. Utaviona kwa dalili gani? Ndipo aliponigeukia mimi. Sikujua kwa nini, na mwanzoni nilidhani ananichezea.

"Mama," aliniuliza siku moja, kalamu mkononi, "mutoto wa ukweli unamuonaka na nini?"

Sisi tuliitana mama na tata, ndivyo watu wa huku wanavyoitana kwa heshima, hata mke na mume wake.

"Unamuona pale anavunja kintu na hakuna muntu aliona," nilimjibu.

"Kama hakuna muntu aliona, mi nitamuona namna gani?"

"Atakuya mwenyewe kukuambia."

Alipitisha kidole gumba juu ya mstari, akaandika kwa Kifaransa kwa ajili ya mkaguzi, na chini yake kwa Kiswahili kwa ajili yetu wawili: mwishoni mwa somo, mwanafunzi ataweza kusema "ni mimi" kabla ya kuulizwa.

Juma hilohilo kioo cha dirisha la darasa kilivunjika wakati wa mapumziko. Alirudi nyumbani akicheka mpaka akaketi kwenye kizingiti.

"Nani alivunja?" nikamuuliza.

"Bote. Batoto makumi tano na mbili, kioo kimoya. Mi naingia tu, bote banasimama: ni miye, mwalimu, ni miye. Hata ule mwenye alikuwa pamoya na miye anasema ni yeye."

"Na mwenye alivunja kweli?"

"Ule njo peke yake ananyamaza."

Kesho yake yule aliyenyamaza alingoja wenzake wote watoke, akaja mezani kwa mwalimu, akasema. Mume wangu hakumpiga wala hakumsifu. Alipoketi kuandika alasiri ile alichukua fishi ya ukweli, na pembeni, palipopaswa kuwekwa matokeo ya somo, akaandika kwa penseli: mmoja. Nilimwambia mmoja kwa hamsini na wawili ni kidogo. Akasema mkaguzi naye angesema hivyo.

Nakumbuka na somo la usafi. Fishi za walimu wengine zilisema mtoto ataonyesha kucha safi, na hilo linaonekana, mkaguzi analipenda. Lakini katika darasa lake walikuwamo watoto ambao siku za kupumzika waliwafuata wakubwa wao mtoni, upande wa Musonoi, kuosha mawe ya wachimbaji, na vumbi lile la kijivu likisha kuingia kwenye kucha halitoki kwa siku moja. Alipowaambia wanyooshe mikono, msichana mmoja aliikalia yake. Mume wangu alikuwa mtoto wa Musonoi. Alizaliwa kule, akacheza juu ya vifusi vya kule. Hakumwambia kitu yule msichana. Alirudi nyumbani, akaomba karatasi mpya, na nikapiga mistari upya. Lengo jipya lilisema kwamba kila mwanafunzi ataweza kuosha mikono ya mwenzake. Wakaoshana wawiliwawili kwenye beseni la shule, kwa sabuni yetu ya nyumbani, na mikono yote ikawa na povu, na hakuna aliyejua ni ya nani iliyokuwa michafu.

Mambo kama hayo ndiyo yaliyokuwa maisha yetu. Ninaposema namtamani, watu wanafikiri natamani mambo makubwa. Natamani saa kumi. Natamani harufu ya chaki kwenye mkono wa shati lake, na ile "Mama" ya kuulizia, iliyokuwa inapanda juu mwishoni kama mtu anayebisha hodi.

Fishi ya mwisho ilikuwa ya kushukuru.

Ilikuwa siku ya kawaida kabisa. Watoto wetu wawili ni watu wazima, wanakaa Lubumbashi, kwa hiyo tulikuwa peke yetu. Nilikuwa nimemaliza mistari mapema, nimetoka uani, maji ya bukari, ugali wetu, yanachemka kwenye mbabula, jiko la makaa, nami natia unga. Bukari ikishaanza kushika, haikungoji. Yeye alikuwa ndani karibu na dirisha, na nilimsikia.

"Mama."

"Tata."

"Muntu wa shukrani, unamuonaka na nini?"

Nilikuwa nasonga. Moshi ulikuwa machoni, mwiko umekuwa mzito, na siku ile, sitaficha, nilikuwa nimechoka na maswali yake. Nilimjibu bila kugeuka:

"Wacha, tata. Bukari inaungua. Uulize inspekteri wako."

Alicheka. Nilisikia akifunga kifuniko cha kalamu. "Bon," alisema, "tutaona kesho." Tukala. Hatukuligusa tena.

Kesho yake alienda shule akasimamia somo jingine, akarudi kabla ya saa sita anatetemeka. Tulidhani ni malaria, tukampa dawa ya malaria. Siku ya tatu tulimpeleka hospitali kwa pikipiki, mimi nyuma nikimshikilia asianguke. Siku ya nane alifariki. Sitaandika zaidi kuhusu siku hizo, kwa sababu sizikumbuki vizuri, na sitaki kutunga.

Wakati wa kilio uwanja wetu ulijaa. Walimu walikuja wote pamoja, na mkuu wa shule, mama mmoja mnene mwenye sauti ya chini, alitangulia akiwa na beseni kubwa la bati la rangi ya buluu kichwani, limejaa unga wa mahindi. Herufi za shule zimeandikwa kwa rangi nyekundu chini yake. Ni beseni lile ambalo watoto walilitumia kunawia mikono. Walilipangusa, wakalijaza unga, wakaleta.

Kilio kikiisha, kazi ya wanawake inabaki: kurudisha vyombo. Na kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Aliyekuletea sombe, mboga ya majani ya muhogo, katika sahani, sahani yake itarudi na kitu, hata kama ni viazi vitamu viwili, hata chumvi kidogo katika karatasi. Dada zangu walinisaidia. Tulirudisha sufuria, tukarudisha masahani, kila kimoja na kidogo chake. Mwishoni likabaki beseni la shule. Nililiegemeza ukutani jikoni. Kila nilipofikiria kulirudisha nilitafuta cha kutia ndani na sikupata. Maharage? Karanga? Nilipima kwa macho kila kitu nilichonacho na kila kitu kilikuwa kidogo kwa beseni lile. Siku zikapita, likakaa.

Baada ya majuma mawili mkuu wa shule alikuja kunijulia hali. Alikaa, akanywa maji, akaniuliza kuhusu watoto. Halafu akasema lililomleta.

"Mama, tunaomba fishi za marehemu. Yuko mwalimu mupya, mwanamuke kijana, anatoka mbali, na mwaka wa pili ile hajaifundisha hata siku moya. Na inspekteri atakuya mbele ya Pasaka. Akipata fishi za mwenzake atajua apite wapi."

Jambo hilo ni la kawaida kwetu. Mwalimu akiondoka, fishi zake zinabaki na darasa. Nililijua. Yeye mwenyewe alianza kazi kwa fishi za mwalimu mzee aliyestaafu.

"Sikuziona, Mama Direktrisi," nikamwambia.

Aliangalia meza iliyo karibu na dirisha. Aliangalia rula. Akasema, "Ukiziona, utatuambia," akaondoka.

Zilikuwa katika sanduku, chini ya suti yake ya Jumapili, zimefungwa kwa kamba kwa mafungu, mwaka kwa mwaka. Nilizificha mwenyewe, siku moja baada ya mazishi. Nataka niseme sababu yake kama ilivyokuwa. Picha zake ninazo tatu, na katika zote tatu amekaza uso kwa sababu ya mpiga picha, siyo yeye. Nguo zake ndugu zake wamezigawana, ndiyo desturi. Lakini katika kila fishi kuna mistari yangu na mwandiko wake juu ya mistari hiyo, herufi zake zilizoinama mbele kama watu wanaotembea kwa haraka, na hakuna hata moja iliyoshuka chini ya mstari wangu. Hapo tu, katika dunia nzima, ndipo sisi wawili tulipokuwa bado pamoja. Nitampaje mwanamke nisiyemjua?

Saa kumi nilikuwa nazitoa, nazitandaza mezani. Nilisoma Kiswahili chake, Kifaransa nilikiruka. Ataweza kumpisha mzee. Ataweza kugawa mkate wake bila kuambiwa. Ataweza kusema "ni mimi" kabla ya kuulizwa. Hiyo nilikuwa naigeuza haraka. Na ya mwisho kabisa nilikuwa naisoma kila siku, ingawa hakuna cha kusoma. Juu ameandika: Kushukuru. Chini yake: mwishoni mwa somo, mwanafunzi ataweza. Halafu mstari wangu, mweupe mpaka pembeni.

Ningejibu nini? Nilikuwa nakaa mbele ya mstari ule nikitafuta jibu nililomnyima kwa ajili ya bukari, na sikulipata. Nilianza kujiuliza jambo baya zaidi: kama hata yeye aliwahi kuiona shukrani kwangu. Miaka yote alikuwa ananiuliza mimi, mtu wa mwaka wa nne, mambo ya programu, akiandika niliyosema. Nami sikuwahi kumwambia kwamba saa ile ya mistari ndiyo iliyonifanya nijione nami nimemaliza shule.

Aliyenitoa pale ni msichana wa jirani, mwanafunzi wa darasa lile. Alikuja asubuhi moja na kipande cha bati kuomba makaa ya moto. Nilipokuwa nampa nikamuuliza, kwa kuuliza tu:

"Mwalimu mupya anabafundisha bizuri?"

"Anatuandikisha ubao, mama. Tunaandika, tunafuta, tunaandika."

"Na somo ya asubuhi?"

"Haiko tena. Anasema anangojea makaratasi ya mwalimu." Aliyapuliza makaa yake, akaongeza, "Juzi babili banapigana, mumoya anatoka damu. Mwalimu anauliza ni nani. Hakuna muntu alisema."

"Hata mumoya?"

"Hata mumoya. Mwalimu wetu hayuko, sasa utamuambia nani?"

Akaenda, ameshika bati lake mbali na gauni. Mimi nilibaki nimesimama na koleo. Sikulia. Nilikuwa na aibu, na aibu haitoi machozi, inatoa joto. Nilikuwa nimeshika darasa zima chini ya suti.

Siku ileile nilioga, nikavaa kitenge changu cha kilio, nikatoa mafungu yote sandukuni. Nilipotafuta cha kubebea, ni beseni tu lililokuwa na ukubwa wa kutosha. Nilizipanga ndani, mwaka kwa mwaka, ya kushukuru juu kabisa, na zikalijaza mpaka ukingoni. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini karanga hazikutosha. Nilifunika kwa kitambaa, nikajitwisha, nikaenda kwa miguu. Mtu wa pikipiki alisimama, "Mama, panda," nikamkatalia. Sikutaka upepo.

Mkuu wa shule alikuwa katika ofisi yake na mwalimu yule kijana, msichana mwembamba, macho yamechoka. Niliweka beseni juu ya meza, nikatoa kitambaa. Nilikuwa nimejiandalia maneno njiani, yakapotea yote, yakabaki mawili.

"Ni mimi," nikasema. "Zilikuwa kwangu toka siku ya kwanza. Nilikudanganya, Mama Direktrisi."

"Tulijua, mama."

"Mulijua?"

"Nani mwingine angekuwa nazo? Panya?" Alivuta kiti. "Ikala. Tulikuwa tunakungojea tu."

Mwalimu kijana alikwisha kuinama juu ya beseni. Aliichukua fishi ya juu kwa mikono miwili, akaisoma, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena.

"Hii hakumaliza," alisema.

Nikawaeleza. Niliwaeleza yote, bukari na moshi na nilivyomjibu. Mwalimu kijana aliniangalia, na akauliza swali lilelile, ingawa sauti yake haikupanda mwishoni.

"Basi, mama, muntu wa shukrani unamuonaka na nini?"

Niliangalia beseni. "Harudishi chombo ya jirani bule. Anatiamo kintu."

"Inspekteri atasema ile haionekani mu darasa."

"Basi akuye na sahani yake," alisema mkuu wa shule, "tutamuonyesha."

Mwalimu alicheka kwa mara ya kwanza. Akachukua penseli, siyo kalamu, kwa sababu ya mkaguzi, akaanza kuandika kwenye mstari wangu: kurudisha chombo cha jirani. Hakupitisha kidole kwanza. Aliandika tu, moja kwa moja, kama mtu yeyote anavyoandika kwenye karatasi. Na kwa kukikosa kidole kile ndipo nilipokiona. Miaka yote ile kilipita mbele ya macho yangu, kila alasiri, toka kushoto mpaka kulia, juu ya kazi ya mkono wangu, kikisema asante, na mimi nilidhani anapangusa vumbi.

Vioo vikaanza kutetema. Yeye ni mgeni hapa Kolwezi, hakujua, aliendelea kuandika. Nilinyoosha mkono nikamshika kifundo, nikamwinulia penseli juu ya karatasi.

"Ngojea," nikamwambia. "Ipite kwanza."

Meza ilitikisika. Tulitulia sote watatu, mkono wake ndani ya mkono wangu. Nyuma ya ukuta darasa lake lilinyamaza ghafula, na nilijua wameinua kalamu. Kisha ardhi ikatulia, nikamwachilia, akamalizia: bila kukirudisha kitupu. Herufi zake zinalala nyuma, siyo mbele. Lakini hakushuka chini ya mstari.

Nilirudi kwa miguu, bila kitu kichwani wala mikononi. Nilikuwa nimesahau mikono mitupu inavyokuwa myepesi, na sikuipenda.

Saa kumi niliketi mezani. Rula sikuipeleka, hiyo haikuwa ya shule. Nilichukua karatasi moja nyeupe nikapiga mistari yote, safu nyembamba na safu mbili pana, nikaisukuma upande wake wa meza. Nilikaa mpaka mwanga ukapungua. Halafu nikanyoosha mkono, nikapitisha kidole gumba juu ya mstari wa kwanza, polepole, toka kushoto mpaka kulia. Hapakuwa na vumbi.